Gari, mhudumu au engigwana? Njia tatu za kufanya kazi ya afya na jamii za wafugaji ukitokea Arusha au Moshi

Mwezi uliopita nesi mmoja wa Moshi alinipigia simu. Kikundi chao cha kanisani kimepata hela kidogo ya kazi ya afya na ustawi huko tambarare za Wamaasai, upande wa Ngarenairobi ukishuka kuelekea Tinga Tinga, na kamati imegawanyika. Wako wanaotaka kukodi gari na kuzunguka na dawa. Wako wanaotaka kuwasaidia wahudumu wa huko huko. Mzee mmoja wa kamati, mwenyewe Mmaasai, amewaambia wote wanakimbilia mwisho: waanze kwa kukaa na wazee kwenye engigwana, kikao chao cha Kimaasai. "Kaka, hela inatosha kitu kimoja tu. Tuchague kipi?"

Nilimjibu nusu kwa simu, hii ndiyo nusu iliyobaki. Nimeratibu kazi za namna hii kutoka Arusha kwa miaka kadhaa, Longido na Monduli zaidi, Ngorongoro kidogo. Njia zote tatu nimezitumia, na mbili kati yake nilianza kuzitumia vibaya. Watu wengi hulinganisha kwa bei. Mimi nimezoea kuuliza kwanza kazi inakwenda kwa kalenda ya nani, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Gari

Huduma ya mkoba kwa gari hupendwa na wafadhili, na wana sababu. Kwa siku moja unachanja, unapima macho, unapima presha, unawaona wajawazito, na jioni una namba za kuandika. Kazi inayotaka kila mtu afikiwe kwa mpigo mmoja haina mbadala wa gari. Chukua vikope. Ugonjwa huu, trakoma kwa jina la hospitali, umeng'ang'ania wilaya za wafugaji huku kwetu wakati sehemu nyingi za nchi umeshapungua sana. Dawa yake, azithromaisini, hugawiwa jamii nzima mara moja kwa mwaka. Hakuna mizani. Mtu anasimama kwenye fito yenye alama, urefu wake ndio unaosema apewe kiasi gani, na mtoto wa chini ya miezi sita anapakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni. Siku ya fito ni siku ya vicheko. Morani akifika lazima ajinyooshe shingo ampite mwenzake, kisha anaambiwa wote wawili wanapata vidonge vinne, na yule mrefu anaondoka amenuna.

Tatizo ni lini gari linafika. Katika ule ukame wa 2021 na 2022 tulikwenda Longido na magari mawili, kisanduku baridi cha chanjo kimejaa, ratiba imesainiwa hadi wilayani. Boma la kwanza tulimkuta koko mmoja, yaani bibi kizee, wajukuu wanne na ndama wawili walioshindwa kutembea. Wengine wote walikuwa wameondoka na ng'ombe kufuata maji, wiki mbili zilizopita. Koko alitutolea vigoda, akatutazama tukishusha mizigo, kisha akauliza kama tumeleta maji. Tulikuwa na chupa zetu tu. Tukachanja watoto wanne, tukaenda boma la pili, nalo hivyo hivyo. Ripoti ya robo mwaka ikaandika kijiji kimefikiwa. Niliisaini mimi.

Tarehe ile ilichaguliwa kwa sababu robo ilikuwa inaisha na mafuta yalikuwa hayajatumika. Hakuna mtu aliyekuwa amempigia hata mwenyekiti wa kitongoji kumuuliza watu wako wapi. Kama utachagua gari, basi liende kwa kalenda ya watu, na kalenda rahisi kuliko zote ni mnada. Siku ya mnada kila mtu yupo: wanaume na mbuzi wao, akina mama na shanga na maziwa, vijana waliokuja kutazama tu. Wanaume ambao zahanati haijawahi kuwaona utawakuta wote pale.

Ila kuna ufundi wake. Meza ya presha iweke karibu na muuza dawa za mifugo, usiiweke kwenye vitenge. Mwanaume anayesubiri dawa ya kupe atanyoosha mkono bila kubembelezwa. Asubuhi usijisumbue, hakuna atakayesimama kabla hajauza. Kati ya saa saba na saa tisa mchana ndio wakati wako, kwa sababu baadaye bia zimeanza na kipimo kinadanganya. Na usitegemee kumpima mjamzito pale, faragha hakuna.

Kama una rafiki kwenye idara ya mifugo, mwombe mwende pamoja. Nchini Chad, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu waligundua kuwa ng'ombe wa wafugaji wanaohamahama wamechanjwa huku watoto wao hawajakamilisha chanjo, wakaziunganisha safari mbili kuwa moja. Kwa Mmaasai hilo halihitaji maelezo. Salamu yake yenyewe inauliza watoto na ng'ombe kwa pumzi moja. Tena kimeta, kichaa cha mbwa, na ile homa ya kurudirudi inayotokana na maziwa mabichi haviheshimu mpaka kati ya daktari wa watu na daktari wa mifugo.

Mhudumu

Hapa siku hizi usianze kitu chako. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano: wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanamume, wakipata mafunzo ya miezi sita. Taasisi inayokuja leo na wahudumu wake, fulana zake na daftari lake itawagombanisha watu wa kitongoji kimoja kwa ajili ya posho, halafu mradi ukiisha itaondoka na fulana. Uliza kwa Mganga Mkuu wa Wilaya nani tayari yupo, na anakosa nini.

Mara nyingi anakosa vitu vidogo: buti, tochi, vocha, pa kuchaji simu, nauli ya bodaboda ya kumtoa mama mwenye uchungu Gelai usiku. Hicho cha mwisho kiweke kwenye bajeti kabla ya kingine chochote. Mhudumu aliyemshawishi mama akajifungulie kituoni, kisha usafiri ukakosekana, hatamshawishi wa pili.

Uzuri wa mhudumu ni kwamba anajua nani kahama. Dada mmoja ninayemfahamu, huko Longido, alipewa daftari la kaya lenye safu zilizochapwa: jina, umri, chanjo, mjamzito, rufaa. Nilipolifungua nikakuta amechora safu moja zaidi kwa penseli, akitumia ukingo wa bati kama rula. Juu yake ameandika "wako wapi sasa". Chini yake: mtoni, kwa mjomba Engaruka, wamerudi, Namanga biashara, wamerudi, mtoni. Safu hiyo haipo kwenye fomu ya ofisi yoyote niliyowahi kuiona. Msimu uliofuata tuliipanga safari ya vikope kwa kuifuata hiyo penseli, na tuliwakuta watu.

Sasa udhaifu. Ukitaka mtu anayesoma na kuandika vizuri, wanawake wa kuchagua wanapungua haraka, na kwa kawaida unaishia na kijana wa kiume aliyemaliza sekondari. Kiswahili chake kizuri, ripoti zake safi. Lakini kijana wa rika la chini hawezi kuketi nyumbani kwa mke wa mzee wa rika la baba zake akaanza kuuliza habari za hedhi. Akifanya hivyo amejiharibia, asipofanya amejaza fomu kwa kukisia. Nimeona fomu za namna hiyo: kaya thelathini, majibu yanafanana kama mapacha.

Njia iliyotusaidia ni kumuunganisha mhudumu na mkunga wa jadi. Sera inataka mama ajifungulie kituoni, na ni sawa, ila yule bibi aliyezalisha nusu ya kitongoji hafutwi kwa sera. Akifanywa msindikizaji, akafika na mama hadi mlangoni na nesi akamwekea kiti ndani, anakuwa upande wako. Akifukuzwa pale mlangoni, na nimeona akifukuzwa, habari inafika bomani kabla mama hajarudi. Kwa hiyo sehemu ya kazi yako ni kuongea na manesi, tena mapema.

Engigwana

Neno hili halina mwenzake kamili kwa Kiswahili. Ni kikao cha wazee chini ya mti, anayeongea anasimama na fimbo yake, wengine wanangoja amalize hata kama anazunguka nusu saa. Anayelisemea rika ni laigwanani. Hana muhuri, hana ofisi, na barua yako haimtaji. Barua inatoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, inashuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na kila mmoja anagonga. Inaweza kuwa na mihuri mitano na bado watu wasije.

Na kinyume chake pia ni kweli. Ukikaa na laigwanani pekee ukaacha serikali ya kijiji, mtendaji ana haki ya kukusimamisha. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na mpango unaogusa kijiji kizima upitie hapo. Vikao ni viwili, vinataka siku mbili. Wanaojaribu kuviunganisha kuokoa posho hupata kikao kimoja kirefu kisichokuwa na maana kwa upande wowote.

Hapa kuna hoja ya haki pia. Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, na Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, ingawa nyumbani msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wazawa. Kifungu cha 23 kinasema jamii hizi zina haki ya kushiriki kuandaa na kuamua programu za afya zinazowahusu, na kadiri inavyowezekana kuziendesha kupitia taasisi zao wenyewe. Taasisi zao wenyewe: si kamati uliyoiunda wewe Jumanne na kuipa jina. Rika ni taasisi. Engigwana ni taasisi. Vilikuwepo kabla ya halmashauri.

Na usijidanganye kwamba unafika mahali pasipo na kumbukumbu. Tangu Juni 2022, kaya za Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera kule Handeni, ukifika na fomu ya kuhesabu watu swali la kwanza ni fomu hiyo inakwenda kwa nani. Ni swali zuri. Uwe na jibu, na liwe jibu moja leo na kesho.

Engigwana ina kalenda yake, na hiyo ndiyo bei yake halisi. Fedha inayoliwa ni ndogo: sukari, majani ya chai, mbuzi ukiweza, ugoro kwa wazee. Kinacholiwa ni muda. Kikao cha kwanza kitaahirishwa kwa sababu ya msiba, cha pili kwa sababu ng'ombe wa mtu wamepotea, cha tatu utasikilizwa na kuambiwa watafikiri. Mimi nilipewa jibu baada ya wiki saba. Mfadhili alikuwa ananiuliza kila Ijumaa.

Lakini wakishakubali, mambo yanakwenda yenyewe kwa namna ambayo gari haiwezi kununua. Kila mtu wa huku anakumbuka Samunge, 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila akigawa kikombe cha mugariga, dawa ya mti aliyosema inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500, na foleni ya magari imejaa barabara ya Loliondo. Hakukuwa na semina, hakukuwa na bango. Watu walifuata neno la mtu waliyemwamini. Wako walioacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya kikombe kile, na hilo ndilo upande wa pili wa imani: inabeba chochote unachoiwekea. Simtaji ili kumsifu. Namtaja kwa sababu wataalamu wengi wa afya bado wanadhani watu wa vijijini wanakosa habari.

Mawili yanahitaji tahadhari. Kwanza, akina mama kwa kawaida hawaketi engigwana. Tulipeleka mada ya kunawa uso kwa ajili ya vikope, wazee wakatikisa kichwa kukubali, tukaona imepita. Tulipokaa na akina mama kwenye kikundi chao cha vikoba, yeyo mmoja, yaani mama, aliyekuwa ametoka kisimani na punda tangu alfajiri aligonga dumu lake la lita ishirini. "Hili ni la kunywa, la chai, na la ndama. Uso unaingia wapi?" Tulinyamaza. Mhudumu mmoja akachukua dumu dogo lililotobolewa, kibuyu chirizi, akamimina kikombe kimoja tu cha maji, akawaita watoto. Nyuso tano zilinawa kabla kikombe hakijaisha. Yule yeyo akataka kujaribu mwenyewe, akafikisha sita. Tangu hapo mada ikawa yake.

Pili, si kila jambo ni la kuamuliwa na kikao. Ukeketaji wa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Ukiwauliza wazee kama wanakubali, umeshakosea, kwa sababu umewapa mlango wa kukataa. Unaweza kukaa nao kujadili tohara mbadala na jinsi ya kumvusha binti utu uzima bila kisu. Hilo ni zungumzo, na wapo wazee wanaolitaka. Sheria yenyewe haipigiwi kura.

Bega kwa bega

Kama unachotaka ni chanjo, vikope, uchunguzi wa macho wa mara moja: gari, likifuata mnada au penseli ya mhudumu. Likifuata robo mwaka, afadhali ubaki Arusha.

Kama ni mama mjamzito, mtoto mchanga, dawa za kila siku za kifua kikuu au presha: mhudumu, bila mjadala. Gari haliwezi kurudi kila siku, na mzee wa kikao hatauliza kama umemeza.

Kama ni jambo linalogusa ndoa, ardhi, maji ya pamoja, unywaji wa vijana, au chochote kitakachomfanya mtu aulizwe na mkwe wake: engigwana na kikundi cha akina mama, vyote viwili, na ujiandae kusubiri.

Kwa gharama, gari ndilo linalokula zaidi, na usipoangalia karibu hela yote inaishia kwenye mafuta, dereva na posho za kulala nje. Mhudumu ni gharama ndogo isiyoisha. Engigwana ni rahisi mfukoni na ghali kwenye ratiba. Kwa kuvunjika moyo, zinalingana.

Mtu akiniambia anakwenda kwa Wahadzabe, Yaeda Chini au kando ya Ziwa Eyasi, namwambia aweke yote haya pembeni. Ni watu wachache, kama elfu moja na kitu, wanaoishi kambi ndogo ndogo, na hawana laigwanani wala mtu wa kuwasemea wengine. Ukimtafuta "kiongozi" atapatikana, kwa sababu wageni humtafuta, na atakubali lolote kwa niaba ya watu ambao hawajamtuma. Msimu wa asali kambi inasogea. Huko unakwenda na mtu anayejua Kihadza, unakaa, unaongea na kila moto wa kambi kwa zamu yake. Mhudumu wa miguu anafaa. Msafara wa magari matatu haufai hata kidogo, na watalii wameshawachosha kwa magari.

Nesi wa Moshi nilimwambia hivi: dada, chagueni mhudumu. Yule mzee wa kamati atangulie Tinga Tinga na barua ya halmashauri mfukoni, akae na wenzake mara mbili au tatu, hiyo haitawagharimu zaidi ya nauli na sukari. Gari mkodi kwa siku, siku za mnada peke yake, na mwaka wa kwanza siku sita zinatosha. Hela inayobaki iwe buti, vocha na bodaboda za usiku.

Akanyamaza kidogo. Kamati, alisema, inataka kuona kitu mwezi wa tatu, na wamezoea picha ya gari lenye nembo na watu wamepanga foleni. Nikamwambia akifika ampe mhudumu penseli na amwombe achore safu moja zaidi. Mwezi wa tatu aipige picha hiyo safu, awapelekee.